Pumzi ya Saa Kumi

Sponji inayovikwa maikrofoni ya chumba cha pili ilikutwa imelowa. Dada wa mapokezi, ambaye tangu wafanyakazi wapungue ndiye aliyefagia, aliyepokea simu na aliyechemsha chai, aliigusa asubuhi ya Jumatatu kwa kitambaa chake cha vumbi, akaiminya bila kufikiri, na maji mazito yenye uvuguvugu yakamchuruzika hadi kwenye kiwiko. Alinusa vidole vyake. Akatoka mbio, akanawa mara tatu.

“Fundi,” alisema akiwa mlangoni mwa chumba cha mitambo, “nani ameitemea mate maikrofoni ya marehemu?”

“Hakuna anayeingia mle nisipomfungulia.”

“Basi ina mafua hiyo. Ipeleke hospitali.”

Alicheka peke yake. Fundi hakucheka. Ufunguo wa chumba cha pili ulikuwa mmoja tu, nao ulining'inia shingoni mwake tangu siku walipomzika yule aliyekitumia.

Redio ile ilizaliwa katika maombi ya vijana. Wenyewe walibeba matofali, wenyewe walipaka kuta, na juu ya mlango wakaandika kwa rangi ya buluu maneno mawili ya zaburi ya mwisho: MWENYE PUMZI. Zamani hizo simu ya mezani iliita mpaka ikapata moto, na watoto waliokimbia kutoka shule walijazana dirishani ili tu waone midomo ya watangazaji ikienda. Kisha kila kijana akapata redio yake kiganjani, inayomwimbia anachotaka na wakati anaotaka. Wengi husema hilo ndilo lililoiua. Si kweli. Simu ya mkononi ilifungua mlango tu. Waliotoka walikuwa wamekwisha kuchoka kuomba mkate na kupewa jiwe. Saa za vijana zilimegwa moja moja na kukabidhiwa wauza mafuta ya upako, watu wenye koo pana waliowafokea wasikilizaji kama wanadi nguo kuukuu, na Jina lililo juu ya kila jina likawa kibandiko cha chupa. Ole wao walioigeuza nyumba ya sala kuwa genge. Lakini kizazi kile kilichokwenda zake hakikuwaambia ole. Kilizima tu.

Ilibaki saa moja, saa kumi ya alasiri, na mtu mmoja aliyeishika. Wasikilizaji walimwita Dada wa Saa Kumi. Hakuwa na sauti ya kinubi. Ilikuwa na mkwaruzo, kama mlango wa jikoni. Ila alijua kusikiliza. Kijana akiandika kwamba amechoka kuishi, Dada aliusoma ujumbe polepole, akanyamaza kidogo, kisha akamwombea kwa maneno machache yasiyo na mapambo, na wengi walio hai leo wako hai kwa sababu ya maneno yale. Homa ya siku nne ikamchukua.

Walipotoka makaburini, Mchungaji, aliyekuwa mkurugenzi wa kituo na mhubiri wake mkuu, alimvuta Fundi kando ya gari.

“Tusitangaze kwanza.”

“Mchungaji, mtu amekufa.”

“Amekufa kwetu. Kwa wale watoto bado anaongea. Wakijua hayupo wataondoka wote, wakapotee huko. Unataka damu yao iwe juu ya kichwa chako? Una kanda zake za miaka minane. Unganisha.”

Hivyo ndivyo uongo unavyovaa joho. Fundi aliunganisha. Alichukua salamu ya mwaka huu na sala ya mwaka ule, akakata, akashona, akaupa kila ujumbe mpya jibu lililotamkwa zamani kwa mtu mwingine. Sauli alipokwenda Endori usiku kumwamsha Samweli, alijua anatenda dhambi, akajificha kwa mavazi mengine. Fundi alifanya kazi mchana, taa zikiwaka, akiwa na kikombe cha chai mkononi.

Wiki ya tatu ukaingia ujumbe kutoka kwa msikilizaji mmoja: “Dada, mbona siku hizi hupumui?”

Fundi aliusoma ujumbe ule mara mbili. Kwa miaka minane Mchungaji alikuwa amemwagiza aondoe pumzi katika kila kanda kabla ya kuihifadhi. “Pumzi ni uchafu wa sauti,” alikuwa akisema, chini ya ukuta ulioandikwa zaburi ile. Fundi alizikata kama mtu anayechambua mchele, akazitupa. Dada alipokuwa hai hapakuwa na hasara, kwa kuwa alipumua mwenyewe hewani kila siku. Sasa palikuwa na maneno elfu nyingi ya marehemu, na pumzi yake hata moja haikuwapo.

Jumapili ile, baada ya ibada, binti yake Fundi alijilaza kwenye kochi nyumbani akasinzia. Alikuwa na miaka kumi na mitano, naye baba yake alimwita Kinanda kwa jinsi alivyokuwa haishi kuimba akiosha vyombo. Fundi alimtazama. Akaingia chumbani, akatoka na kinasa sauti, akakisogeza karibu na pua ya mtoto wake. Alinasa pumzi mia tatu na kumi na mbili. Alijiambia habari za Ezekieli na bonde la mifupa, jinsi nabii alivyoiita pumzi toka pande nne ikawaingia waliouawa. Alisahau kwamba nabii yule aliagizwa. Yeye hakuagizwa na yeyote, na pumzi aliyoiita haikutoka pande nne. Ilitoka kochini kwake.

Jumatatu Dada wa Saa Kumi alipumua hewani. Jumanne Kinanda alianza kukohoa.

*

Kikohozi kilikuwa na ratiba. Asubuhi mtoto alikuwa mzima, akiruka na kuimba. Ikigonga saa kumi kifua kilimbana, midomo ikageuka rangi ya majivu, na kila pumzi ikawa kazi ya kuvuta ndoo kutoka kisima kirefu. Ikifika saa kumi na moja aliinuka na kuomba maji. Daktari alipiga picha akasema mapafu ni safi kama ya mtoto wa juzi.

“Baba,” Kinanda alimwambia jioni moja, “nikimsikiliza Dada naona kama ananivuta. Kama mtu anayenyonya kwa mrija.”

“Basi usimsikilize.”

“Nikizima ndiyo inazidi.” Akatabasamu, maskini. “Halafu kwa nini nimzime? Yeye ndiye pekee anayeniuliza hali. Wewe unaniuliza kama nimekula.”

Hapo ndipo angepaswa kumwambia. Akamuuliza kama amekula.

Na chumba cha pili kiliendelea kulowa. Kwanza ilikuwa sponji, kila asubuhi, nzito kama kitambaa cha mgonjwa. Kisha vitambaa vya spika vikaanza kutoa unyevu unaonata, wenye nyuzinyuzi, ambao dada wa mapokezi alikataa kata kata kuufuta. “Nimeajiriwa kupokea simu,” alisema, “sikuajiriwa kupangusa makamasi ya ukuta.” Harufu nayo ikapanda: harufu ya kinywa kilichofungwa siku nyingi, ya jino bovu na belghamu iliyolala, tamu kidogo, na ukitoka nje ilikufuata nyumbani katika kola ya shati, ukaikuta katika mto wa kulalia, ukaikuta katika chakula.

Mchungaji alinyunyiza marashi. Alikuwa na furaha. Kipimo cha wasikilizaji kilikuwa kikipanda kwa mara ya kwanza baada ya miaka sita.

“Unaona? Bwana anarejesha.”

“Mchungaji, jana amesema maneno ambayo mimi sikuyaweka.”

“Umesahau tu. Kanda ni nyingi.”

“Alimtaja binti yangu. Alisema, ‘Kinanda, leo umevuta kidogo, kesho nipe zaidi.’ Dada hakuwahi kulijua jina hilo. Ni la nyumbani kwangu.”

Mchungaji alitazama kipimo, akamtazama Fundi, na kwa dakika moja hofu ya kweli ilipita usoni pake kama kivuli cha ndege. Kisha akaimeza. “Basi tutapaka mafuta,” alisema.

Alichukua chupa moja ya wale wauzaji wake, akaingia chumba cha pili saa sita mchana, akapaka kizingiti, meza na maikrofoni, akikemea kwa aya za Maandiko kwa sauti kuu. Mitambo ilikuwa imezimwa. Spika ikaguna. Ikatoka ile sauti yenye mkwaruzo, ya upole, iliyowaombea wengi, ikamaliza mstari aliouanza yeye, ikataja sura na aya, ikaongeza aya aliyoiruka, kisha ikacheka kicheko cha majimaji kama mtu anayesukutua.

“Endelea, Mchungaji,” ilisema. “Sauti yako ni nzuri. Haina pumzi ndani yake.”

Akatoka kinyumenyume, na chupa ikabaki mle.

*

Siku ya pili yake alikuja mama mzazi wa Dada wa Saa Kumi. Alikuwa mkunga mstaafu, mwanamke mfupi mwenye mikono mipana, na tangu msiba hakuwa amewasha redio. Lakini mwanamke mmoja wa mtaa wa mbali, asiye na habari za msiba, alikuwa amemsimamisha njiani akamwambia, “Shoga, hongera, mwanao jana kasema mvua imemnyeshea.” Alifika dakika chache kabla ya saa kumi. Hakupiga kelele. Aliketi kwenye kiti cha mapokezi, mkoba mapajani, akasema:

“Niwashieni nimsikie mwanangu.”

“Mama, pole sana,” Mchungaji alianza, “ni kumbukumbu tu, kwa ajili ya huduma—”

“Baba Mchungaji, mimi nimezika. Usinieleze kumbukumbu. Washa.”

Ilikuwa saa kumi kamili. Sauti ikatoka, ikawasalimu wapendwa wake. Yule mama alifumba macho. Machozi yalimtoka aliposikia maneno, na hakuna aliye na moyo wa nyama ambaye angeona jambo lile asiinamishe kichwa. Kisha sauti ikavuta pumzi, na mama akafumbua macho, na machozi yakasimama.

“Maneno ni ya mwanangu,” alisema taratibu. “Pumzi si yake. Mwanangu alivutia mdomoni tangu utoto, pua yake ilikuwa finyu. Hii ni ya pua, na mwishoni ina kamlio, kama filimbi ndogo.” Akageuka. “Fundi. Pumzi hii naijua. Niliipuliza mimi.”

Fundi alinyosha mkono akapunguza sauti ya spika.

“Mkeo aliponifia mikononi, yule mtoto alitoka wa buluu, hana sauti. Nikamtoa ute kwa kidole, nikaweka kinywa changu juu ya pua yake, nikapuliza. Alilia kwa kamlio hako hako. Bwana Mungu alinikopesha nafasi ya kupuliza alichopuliza Yeye kwa Adamu, nami sijasahau hata siku moja. Umeitoaje ndani ya mtoto wako ukaiweka ndani ya maiti wa mtoto wangu?”

Hakuwa amemaliza kusema walipomwona Kinanda mlangoni. Alikuwa amevaa sare za shule, kiatu kimoja hakipo, macho yametazama mbele bila kuona, na alipita katikati yao kama mtu anayepita kati ya viti, akaenda moja kwa moja hadi chumba cha pili, ambacho mlango wake uliokuwa umefungwa kwa ufunguo ulikuwa wazi, akaketi mbele ya maikrofoni, akaitia midomo yake kwenye sponji.

“Mwanangu!”

Fundi alipomshika mabega alihisi kuwa mtoto ni mzito kama gunia lililonyeshewa, na kwamba ile sponji ilikuwa ikitanuka na kusinyaa, ikitanuka na kusinyaa, na kila ilipotanuka kifua cha mtoto kilibonyea, na kutoka katika spika zote za jengo, za mapokezi, za ofisini, za chumba cha mitambo, sauti ya Dada ilikuwa ikiendelea na kipindi chake kwa utulivu, ikiwaambia vijana wote waliokuwa wakisikiliza majumbani wasogeze redio karibu, karibu zaidi, waweke midomo yao pale zinapotoka sauti, wavute naye pamoja, huku uteute ukitiririka ukutani juu ya rangi, juu ya waya, na harufu ikiwa nzito kiasi kwamba dada wa mapokezi alitapika ndani ya kapu la karatasi asione haya.

“Kata mtambo!” alipiga kelele Mchungaji.

“Jana haukuwa umewashwa na kiliongea,” alisema Fundi, naye mkunga akadakia: “Hiki hakikai katika waya. Kinakaa katika uongo wenu. Fundi, fungua maikrofoni nyingine. Sema.”

Mchungaji alisimama mbele ya mlango wa chumba cha kwanza. Alikuwa akilia. Na iandikwe kwa haki kwamba alilia. “Tukisema tumekwisha,” alinong'ona. “Ndio vijana pekee waliobaki. Wataondoka wote.”

“Usiseme, Fundi,” sauti ilisema kutoka darini, kwa upendo. “Nitakurudishia dirisha lililojaa watoto. Ni mmoja tu ninayemtaka. Mmoja kwa ajili ya wengi. Si imeandikwa?”

Fundi alimsukuma Mchungaji kama anavyosukumwa mlevi, akaingia, akafungua maikrofoni.

“Dada wa Saa Kumi amekufa,” alisema. “Alikufa miezi mitatu iliyopita. Tulimzika Alhamisi, hatukuwaambia. Mliyekuwa mkimwandikia hakuwapo. Mimi ndiye niliyekata maneno yake nikayashona. Pumzi mnayoisikia ni ya binti yangu, nilimwibia akiwa usingizini. Mimi ni baba yake. Mnisamehe. Na msipoweza, zimeni.”

Spika zikapiga yowe kama chuma kinachoburuzwa. Kisha zikaanza maneno ovyo, vipande vya miaka minane, salamu, amina, jina la Yesu limekatwa katikati, wapendwa, wapendwa, wapendwa.

“Sasa nyamaza,” mkunga alimwamuru kutoka chumba cha pili. “Nyamazisheni kila kitu. Kisipate neno la kuingia.”

Fundi alijua maana yake. Redio huogopa kimya kuliko moto. Kituo kile kilikuwa na kifaa kinachohesabu sekunde kumi, na kimya kikizidi hapo kinarusha chochote, wimbo, tangazo la mafuta, mradi pasiwe patupu. Ndicho kilichokuwa kimewalisha miaka yote: woga wa kunyamaza. Alikishika kwa mikono miwili, akaking'oa ukutani pamoja na misumari yake.

Kimya kikaingia. Kikakaa sekunde kumi, ishirini, dakika nzima. Mchungaji alipiga magoti, na safari hii hakufungua kinywa. Katika kimya kile walisikia kitu kikitafuta, kikilamba kuta, kikinusa koo la kila mmoja, nacho hakikupata neno.

Mkunga alimlaza Kinanda kifudifudi juu ya goti lake kama kichanga. Aliingiza kidole. Akavuta, na kikaanza kutoka: sponji nyeusi, imelowa, imevimba, pande baada ya pande, ndefu kama utumbo, imeviringana na nywele na kohozi la kijivu, na ilipoanguka sakafuni kila pande lilitanuka na kusinyaa mara moja, likatulia. Mkunga hakugeuza uso. Alivuta mpaka kidole kikatoka kikavu. Kisha akamgeuza mtoto, akaweka kinywa chake juu ya pua yake, kama siku ile, akapuliza.

Kamlio. Kadogo, kama filimbi.

“Haya,” alisema yule mama, akamfuta mtoto uso kwa upindo wa nguo yake. Ndipo alipomlilia wa kwake.

*

Kituo kilifungwa juma lile lile. Mabaki ya sponji yalichomwa nyuma ya jengo kwa mafuta ya zile chupa, na yalinuka siku mbili. Mchungaji aliacha mimbari. Husemekana huwatembelea wagonjwa, huketi nao, wala hasemi kitu.

Kinanda hakumsemesha baba yake kwa siku arobaini. Siku ya arobaini na moja alimwambia, akiwa ameinamia vyombo, “Ungeniambia tu amekufa. Ningelia, yangekwisha.” Hakuimba. Lakini alipumua, na Fundi alisimama mlangoni akahesabu kila pumzi kama mtu anayeokota lulu katika matope.

Jambo moja Fundi hakumsimulia mtu. Siku ya kukabidhi funguo aliiwasha simu ya kituo ili aone vijana wamemlaani vipi, kwa kuwa alistahili. Jumbe zilikuwa mia nne na kidogo. Hakuna iliyomlaani. Alisoma ya kwanza, ya kumi, ya mia. Zilitofautiana tahajia tu.

“Tulijua tangu wiki ya kwanza. Mrudisheni. Hakuna mwingine anayetusikiliza.”

Alirudi nyumbani kwa miguu. Ilikuwa alasiri, jua bado kali, madirisha ya mtaa yamefunguliwa. Katika nyumba ya kwanza redio ilikuwa imewashwa kwenye masafa yale yale ya kituo chao, pasipo na kitu sasa ila mvumo mtupu. Katika nyumba ya pili vilevile. Katika ya tatu aliona kwa macho yake kijana ameketi sakafuni, shavu limegusa kitambaa cha spika, ametulia kama anayesikiliza moyo wa mama.

Saa ikagonga kumi. Na mvumo ule, katika nyumba zote kwa pamoja, ukakatika kidogo, kama inavyokatika sauti ya mtu anayevuta pumzi kabla ya kusema.